Noti za kwanza za Tanzania: usiidharau iliyochakaa

Aprili 5, 2025 ilikuwa siku ya mwisho. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa miezi mitatu, kuanzia Januari 6, kwa kila mwenye noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, azipeleke benki abadilishiwe. Muda ukipita, basi tena. Magodoro yakainuliwa, masanduku ya bati yakafunguliwa, vibubu vikapasuliwa kabla ya kujaa.

Katika pekuapekua za namna hiyo ndipo hujitokeza noti ambazo tangazo halikuzitaja kabisa: ya kahawia ya shilingi 5, ya kijani ya shilingi 10, ya buluu ya shilingi 20 na, kwa bahati ya mtende, ile nyekundu ya shilingi 100. Zote zina sura ya Mwalimu Nyerere, lakini si yule mzee tuliyemzoea kwenye noti ya elfu moja. Ni rais kijana, wa nchi iliyokuwa na umri wa mtoto wa chekechea.

Swali linalofuata nalijua, maana huulizwa kila ninapokaa na watu wanaofahamu kwamba nakusanya noti: "Hii ni shilingi ngapi?" Anayeuliza hakusudii thamani iliyoandikwa. Amesikia kwamba kuna Mzungu mahali fulani anayenunua noti moja ya zamani kwa mamilioni. Jibu langu huwaudhi wengi. Kwa hali iliyo nayo noti yako, ndugu yangu, haina bei ya kukujengea hata choo. Lakini usiitupe, na usimpe mtu wa kwanza atakayebisha hodi kuiulizia.

Uhuru bila fedha

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, ilipata bendera na wimbo wa taifa, fedha haikupata. Shilingi iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kutoka London hadi 1960 kilipohamia Nairobi. Bodi hiyo ndiyo iliyoiondoa rupia bara, ikajaribu florini kwa kitambo kifupi, kisha ikaleta shilingi. Zanzibar ilijiunga mwaka 1936 na kuachana na rupia yake. Kwa hiyo mwananchi wa 1961 aliishangilia bendera mpya huku mfukoni amembeba Malkia Elizabeth.

Malkia aliondoka mwaka 1964. Bodi ilitoa noti mpya za shilingi 5, 10, 20 na 100 zenye picha ya chombo cha tanga kikikata maji ya Ziwa Viktoria, na ukiiinua noti kwenye mwanga unamwona kifaru ndani ya karatasi. Hazina mfalme, hazina rais, hazina hata tarehe. Kwa maoni yangu, anayetaka kukusanya fedha za uhuru wa Afrika Mashariki aanze na hizi, kabla hata ya zile zenye jina la Tanzania. Ni fedha ya nchi tatu huru, Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo bado zilikuwa hazijaamua kama zitakuwa moja au la. Inaelekea ziwa ndilo jambo pekee lililoweza kuchorwa bila ugomvi.

Ndoto ya shirikisho ilififia, na fedha ya pamoja ikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1963 Erwin Blumenthal, mtaalamu kutoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi, alikuwa amekwisha kuiandikia Tanganyika ripoti kuhusu mfumo wake wa fedha na mustakabali wake. Wasomaji wetu wa Kongo wanalijua jina hilo kwa jambo jingine: ndiye yuleyule ambaye mwaka 1982 ripoti yake iliianika hazina ya Mobutu hadharani. Juni 1965 serikali zote tatu zilitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake. Kazi yote ilifanyika Dar es Salaam. Sheria ilipitishwa mwishoni mwa mwaka huo, na Juni 14, 1966 Mwalimu akaifungua Benki Kuu ya Tanzania. Gavana wa kwanza, Edwin Mtei, alikuwa bado hajafikisha miaka 34. Uganda ikafuata mwezi Agosti, Kenya Septemba.

Shilingi mpya ilibadilishwa na ya zamani sawa kwa sawa, na kwa muda zote mbili zikazunguka pamoja sokoni, hadi noti za Bodi zilipoondolewa mwaka 1967. Mali za Bodi zikagawanywa. Namna mgao wa Zanzibar ulivyoingia katika mtaji wa benki mpya ni hoja ambayo bado inazungumzwa kila kero za Muungano zinapowekwa mezani, na si kazi ya mkusanya noti kuitolea hukumu. Lakini anayedhani noti za 1966 ni picha tupu, aikumbuke.

Noti nne mezani

Nimezilaza zote nne hapa ninapoandika. Jambo la kwanza linaloonekana ni rangi. Noti ya 5 ya Bodi ilikuwa ya kahawia, ya 10 kijani, ya 20 buluu. Noti za Tanzania zikarithi rangi hizohizo, moja baada ya nyingine. Sijaona mahali walipoandika sababu, lakini haihitaji shahada kuielewa. Mwaka 1966 watu wengi hawakujua kusoma, na mnunuzi wa pamba mwenye haraka angeweza kumpunja mkulima mchana kweupe. Mkulima huyo alijua kijani ni kumi. Serikali ilibadilisha sura, jina la benki na picha za nyuma, ikaacha rangi.

Katikati ya kila noti kuna nembo ya taifa: ngao, pembe mbili za ndovu, mwanamume na mwanamke, na maneno "Uhuru na Umoja". Chukua kioo cha kukuzia uangalie miguuni. Mwanamume amesimama penye karafuu, mwanamke penye pamba. Visiwa na Bara vimewekwa pale chini, vidogo kiasi kwamba aliyepokea chenji gulioni asingeviona.

Upande wa nyuma, noti ya 5 ina mandhari ya mlima na ya 20 ina majengo ya kazi. Sizichukii, ila hazinisimamishi. Inayonisimamisha ni ya kumi.

Nyuma ya noti ya shilingi 10 kuna mkonge ukianikwa. Singa ndefu zimetandazwa juani kama tulivyozizoea sisi tuliopita Korogwe na Muheza kwa basi. Mkonge huo nao ulikuwa mhamiaji. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida; iliyofika hai Pangani ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifunika Tanga na kuingia Morogoro, na kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa uzalishaji, tani zipatazo 230,000 kwa mwaka. Hicho ndicho kilele. Kuanzia hapo bei ikaanza kuporomoka, kamba za nailoni zikaingia, na uzalishaji ukashuka. Kwa hiyo noti ilipotoka mwaka 1966, zao lililochorwa juu yake kama uti wa mgongo wa nchi lilikuwa tayari limekwisha kuanza kuteremka. Aliyechora hakuwa na kosa. Noti huchorwa na watu wanaotazama mwaka uliopita.

Noti nyekundu ya shilingi 100 ina mkasa wake. Ya kwanza kutoka ilionyesha, nyuma, mchungaji wa Kimaasai pamoja na mifugo. Baadaye ikatoka nyingine, rangi ileile, Mwalimu yuleyule, lakini Mmaasai hayupo: wamebaki wanyama tu. Wakusanyaji duniani huzihesabu kuwa noti mbili tofauti, na yenye mchungaji ndiyo adimu zaidi. Ukiikuta, usiichanganye na nduguye. Kumbuka pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 60 kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Noti moja ya 100 ilikuwa theluthi mbili ya mshahara huo. Ndiyo maana makopo ya Kimbo ya bibi zetu hutoa noti za 5 na za 10, na nyekundu ni ya kusikia kwa jirani.

Inua sasa yoyote kati ya hizo kwenye mwanga wa dirisha. Upande usiochapwa sana utaona kichwa cha twiga, ndani kabisa ya karatasi. Kisha pitisha ukucha taratibu juu ya sura ya Mwalimu: wino umeinuka, unakwaruza kidogo. Isiyo na twiga na isiyokwaruza ni karatasi ya mashine ya rangi, na hizo nazo zipo, hasa pale watalii wanapopita kwa wingi.

Saini badala ya tarehe

Noti hizi hazikuandikwa mwaka. Mtu anayesema "hii ni ya 1966" anakisia, kwa sababu toleo hilo la kwanza liliendelea kuchapwa hadi lilipoingia toleo jipya mwaka 1978. Njia ya kujua umri ni kusoma saini mbili zilizo mbele: ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo, na ndipo albamu ya noti inapogeuka kuwa kitabu cha siasa.

Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1965 hadi 1972. Akampisha Cleopa Msuya, aliyekaa hadi 1975. Jamal akarudi hadi 1977, halafu akarudi tena mwishoni mwa 1979. Kwa upande wa benki, Mtei alikuwa gavana hadi 1974 alipokwenda kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Charles Nyirabu akashika nafasi yake hadi 1989. Ukiwa na orodha hiyo fupi, noti isiyo na tarehe inaanza kuzungumza. Jamal na Mtei pamoja ni miaka ya mwanzo. Msuya na Mtei ni dirisha dogo, kati ya 1972 na 1974. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kufanya hesabu hiyo.

Kisha linakuja jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na Mtei akarudi nyumbani kuwa Waziri wa Fedha. Toleo la 1978 lilipotoka, lile lenye mnara wa Arusha nyuma ya noti ya kumi, yeye ndiye aliyekuwa upande wa waziri na Nyirabu upande wa gavana. Mtu mmoja, saini mbili, pande mbili za noti. Mwishoni mwa 1979 akajiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambamo thamani ya shilingi ilikuwa kiini cha mzozo. Miaka 13 baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa CHADEMA. Sijui karatasi nyingine ya serikali inayobeba kisa kirefu kiasi hicho kwa wino kidogo namna ile. Mtei mwenyewe aliandika kumbukumbu zake, na zilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2009. Anayetaka kukusanya noti hizi kwa akili akitafute kitabu hicho kabla ya kununua noti ya pili.

Hata thamani ina hadithi yake. Mwaka 1966 shilingi 20, yaani noti moja ya buluu, ilikuwa sawa na paundi moja ya Uingereza. Novemba 1967 Uingereza ikaishusha paundi yake. Tanzania, Kenya na Uganda zikakataa kuifuata, na paundi ikaamka asubuhi ikiwa shilingi 17 na senti 14. Nchi changa zilizokuwa zimetoka tu chini ya Bodi zikajikuta zina fedha yenye nguvu kuliko jana, dhidi ya London. Hali hiyo haikudumu, sote tunajua, lakini ilitokea, na noti ya buluu niliyonayo hapa ilikuwepo.

Majirani nao wana lao. Kenya ilitoa noti tano badala ya nne, ikiongeza ya 50, zote na Mzee Kenyatta mbele, na nyuma mazao na wavunaji: kahawa, chai, mkonge, pamba, nanasi. Uganda ya 1966 haikuweka rais yeyote kwenye noti zake. Mwaka huo Kampala ilikuwa na msukosuko wa kutosha. Sura ya rais ilikuja na Idi Amin mwaka 1973, na alipofurushwa 1979 nafasi yake ikachukuliwa na picha ya jengo la benki. Jengo halipinduliwi.

Bei ya noti isiyofanya kazi

Soko la noti za kale lina lugha moja, nayo ni hali ya karatasi. Mjerumani Albert Pick ndiye aliyezipa noti za dunia namba za orodha ambazo wauzaji wote huzitumia mpaka leo. Za kwanza za Tanzania ni namba 1 hadi 5, ambapo 4 ni ile ya mchungaji na 5 ni ya wanyama. Noti ileile, namba ileile, inaweza kuwa na bei mara kumi au zaidi ya mwenzake kwa sababu moja tu: haijakunjwa. Pembe nne kali, karatasi inalia ukiitikisa, hakuna alama ya kidole. Mkunjo mmoja katikati, bei inashuka. Mikunjo miwili na doa, inashuka zaidi. Ikifika hali ya noti zinazotoka kwenye makopo yetu, muuzaji wa Ulaya anaitupia kapuni pamoja na nyingine za kuuzwa kwa fungu.

Tufikiri kidogo. Noti ya 1966 isiyokunjwa ni noti ambayo haikununua chumvi, haikulipa ada, haikutoa mahari wala kodi ya kichwa. Huenda ilitoka benki ikaingia moja kwa moja katika mkoba wa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Soko linalipa zaidi kwa fedha ambayo haikuwahi kuwa fedha. Sina ugomvi na wanaozitaka. Mimi mwenyewe ninayo moja ya shilingi 5 iliyonyooka kama ilivyotoka kiwandani, na naipenda. Lakini Mtanzania anayeanza kukusanya leo kwa kufuata kipimo hicho atakuwa akishindana na watu wenye dola, ili apate kitu kisicho na habari yoyote ya kumweleza. Ushauri wangu ni kinyume: kusanya chakavu, na kusanya habari zake.

Na kaa mbali na wale wa rupia. Kila mkoa una jamaa anayenong'ona juu ya mali za Mjerumani, noti za Kaisari na mnunuzi aliyeko hotelini Dar anayesubiri tu "gharama kidogo za kushughulikia". Noti za rupia za Wajerumani zipo kweli. Deutsch-Ostafrikanische Bank ilianza kuzitoa mwaka 1905, na wakati wa vita koloni lilipozingirwa walichapa nyingine hukuhuku, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Makumbusho na wakusanyaji wanazo, zinauzwa na kununuliwa waziwazi, na bei zake zinajulikana. Anayekuomba hela kwanza ili akuuzie utajiri wako mwenyewe ni tapeli, hata akija na tai.

Fundo la khanga

Noti yangu ya shilingi 10 ambayo sitaiuza ni mbovu kuliko zote. Imekunjwa mara tatu hadi kuwa kijipande kidogo kama kidole gumba, na mikunjo hiyo imekaa muda mrefu hadi singa za karatasi zimekatika kwenye makutano. Ukiiinua mwanga unapita katika matundu matatu. Sehemu ya nje imepauka, ya ndani bado ni kijani kibichi. Kuna matundu mawili ya pini juu kushoto, mahali karani alipoibana na hati. Pembeni, upande wa mkonge, mtu aliandika tarakimu kwa wino wa kalamu ya kuchovya, na wino ukasambaa.

Nilipewa na bibi mmoja wa Muheza. Nilikwenda kwa jambo jingine kabisa, mazungumzo yakafika kwenye fedha za zamani, akaingia ndani akatoka na kipande cha khanga iliyokwishageuzwa kitambaa cha vumbi. Kwenye pindo kulikuwa na fundo gumu kama kokwa.

"Shikamoo bibi, hii umeihifadhi tangu lini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nilimficha babu yenu. Mwisho nikajificha na mimi mwenyewe."

Babu alikuwa mkata mkonge. Fedha ilikuwa ya siku ya mshahara, ikatengwa kwa ajili ya viatu vya mtoto aliyekuwa anaanza shule, khanga ikachanika, ikatupwa sandukuni, fundo likasahaulika. Mtoto akaenda shule peku. Bibi aliniuliza kumi inanunua nini siku hizi. Nikamwambia hata pipi haikupi. Akacheka, akasema basi nenda nayo, ila usije ukasema uliiokota.

Mkunjo wa pochi ni mmoja, katikati. Mikunjo ya fundo la khanga ni mingi, midogo, na inauma karatasi. Matundu ya pini ni ya ofisini na vyama vya ushirika. Doa la mafuta ya kupikia lina rangi yake, na doa la kutu hutoka kwenye kopo. Ukizizoea, unaweza kujua noti iliishi kwa nani hata bila kuambiwa. Hakuna orodha ya Ulaya inayolipa chochote kwa elimu hiyo, na hakuna anayeweza kuiandika isipokuwa sisi, maana ndio tuliozikunja.

Sasa mambo ya utunzaji, kwa ufupi. Noti ya zamani usiifue, usiipige pasi, usiibandike selotepu hata kama imechanika vipande viwili. Albamu za picha zenye gundi ni sumu kwake. Ile plastiki laini ya bei rahisi yenye harufu kali nayo si rafiki, kwani joto likizidi hutoa mafuta yanayonata na kuila karatasi. Zipo bahasha ngumu na angavu za poliesta zinazotengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Ukizikosa, karatasi nyeupe safi ndani ya kitabu kinene kikavu inatosha. Wa Tanga, Dar, Mombasa na Zanzibar wachunge ukungu. Wa bara wachunge mchwa. Mende wako kila mahali. Usiandike chochote juu ya noti yenyewe, hata kwa penseli.

Andika pembeni. Hilo ndilo ninalomwomba msomaji. Chukua kipande cha karatasi, andika noti ilikuwa ya nani, alikuwa wapi, alifanya kazi gani, ilipatikanaje na ilikusudiwa kununua nini, kisha ukiweke pamoja nayo kwenye bahasha moja. Ukiamua kuiuza, iuze na karatasi hiyo, lakini piga picha ya vyote viwili kwanza. Aliyekuwa karani wa miaka 20 Juni 1966 sasa ana umri wa kukaribia miaka 80 au kuivuka. Kama unaye wa namna hiyo nyumbani, mtafute mwisho wa wiki hii, msalimie vizuri, umuulize mshahara wake wa kwanza kwa noti zenye sura ya Mwalimu aliutumiaje. Uwe na kalamu.